Treni ya saa mbili asubuhi na siku mbili za Voi: jibu kwa mama wa watoto watatu

Swali: "Shikamoo Bi Mkubwa. Tunakaa Kisauni, tuna watoto watatu: wa miaka 7, wa miaka 4 na mchanga wa miezi 10. Desemba tunakwenda Nairobi kwa dadangu, na hatuna haraka, likizo yetu ni wiki mbili. Baba watoto ataka basi la usiku ili watoto walale njiani. Kaka yangu asema tusijitese, tupande ndege. Mimi moyo wangu uko kwenye treni, tena ile ya asubuhi inayosimama vituo vyote, na ikiwezekana tushuke mahali tupumzike kabla ya kuendelea. Wote wananicheka. Je, nina wazimu? Na nikienda nayo, nijitayarishe vipi?"

Marahaba mwanangu. Huna wazimu. Wazimu ni kumpakata mtoto wa miezi kumi usiku kucha kwenye kiti cha basi ukiamini atalala.

Lakini kwanza nimtendee haki baba watoto. Basi lina fadhila zake: lapandwa mjini, lashukiwa mjini, na ukichelewa kukata tiketi hukosi nafasi kwa jingine. Kasoro yake ni kwamba mtoto hawezi kusimama. Watoto wako hawatachoshwa na urefu wa njia. Mtoto hajui Nairobi iko mbali kiasi gani. Kinachomchosha ni kufungwa mahali pamoja, kunyimwa choo anapokitaka, na kuamshwa usiku wa manane kwenye taa za mkahawa. Kuhusu ndege, kaka yako amesema kweli kwamba angani hamfiki hata saa moja na nusu. Kama ungekuwa na mgonjwa au msiba, ningekwambia panda na usiulize bei. Ila wewe umesema huna haraka, na asiye na haraka akinunua haraka amenunua kitu asichokihitaji.

Sasa treni. Kila siku zatoka tatu Mombasa. Ya saa mbili asubuhi ndiyo hiyo unayoitaka wewe, inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku ndizo za haraka. Ile ya usiku iondoe kabisa akilini: yafika Nairobi kabla ya alfajiri, na hapo utakuwa na watoto watatu wanaolia gizani Syokimau, iliko stesheni ya Nairobi, sweta ziko chini ya begi, na dadako yuko usingizini. Ya saa tisa si mbaya kwa watu wazima, lakini jua la jioni lapiga upande wa kushoto wa behewa mpaka linapozama, na mnafika usiku wakati watoto wameshapita ile saa ya kulala na kuingia ile saa ya ukorofi. Ya asubuhi yawachukua watoto wakiwa wazima, wameamka, wana njaa ya kuona.

Watu huiita ya polepole. Sisi tuliopanda gari moshi la zamani pale stesheni ya mjini twacheka. Lile lilitoka jua likizama, mkala, mkalala, mkaamka, na bado mko kwenye mbuga za Athi. Hili la sasa, tangu lianze mwaka 2017, lakata kilomita 472 kwa saa sita hivi pamoja na vituo vyake vyote.

Tena saa sita kwa mtoto wa miaka minne ni nyingi, usidanganywe. Kwa uzoefu wangu wa kuwapangia watu safari, na wa kuwachukua wajukuu wangu mwenyewe, saa mbili za kwanza ni sherehe, ya tatu ni chakula, ya nne ni usingizi ukibahatika, na kuanzia ya tano utasikia "tumefika?" mpaka uchoke kujibu. Ndiyo maana lile wazo lako la kushuka njiani ndilo lenye akili kuliko yote uliyoandika. Na mahali pa kushuka ni Voi.

Kwa nini Voi na si Mtito Andei iliyo karibu na katikati ya njia? Kwa sababu Voi mnafika baada ya saa mbili tu za safari, kabla ya saa nne na nusu asubuhi, watoto wakiwa bado katika ile sherehe. Wanashuka wakitaka zaidi, hawashuki wakiwa hoi. Pia Voi ni mji kamili: kuna hospitali, maduka ya dawa, soko, na nyumba za wageni za kila bei. Na lango la mbuga ya Tsavo Mashariki liko karibu na mji, si safari nyingine ya nusu siku. Ukishuka Voi siku ya kwanza, treni ile ile ya asubuhi ya siku ya tatu itakupitia pale karibu na saa nne, kwa hivyo hata siku ya kuondoka hakuna kuamshana usiku. Mnaoga, mnakunywa chai, mnakwenda stesheni. Kisha zinabaki kama saa nne mpaka Nairobi, na hizo mtoto anazimudu.

Siku ile ya kwanza Voi, nakuomba, msifanye lolote. Najua baba watoto atasema mmelipa chumba mkae tu? Ndiyo, mkae tu. Watoto wacheze na changarawe, wale, walale mchana kwa nafsi yao. Nimeona familia zikishuka kwenye treni na kupanda gari la mbuga papo hapo, jua la utosi, tembo wote wamejificha kivulini, mtoto ametapika kwenye kiti cha watu. Kesho yake ndiyo siku ya mbuga. Tokeni alfajiri kwa gari la kukodi, mwende mpaka upande wa bwawa la Aruba, mrudi kabla ya adhuhuri. Saa nne au tano zatosha kabisa. Mpatane na dereva bei ya nusu siku usiku uliotangulia, na kiingilio mkimalize kwa simu mapema kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, maana langoni si mahali pa kuhesabia noti. Watoto watauliza kwa nini tembo wa huko ni wekundu. Si rangi yao: wanajipaka vumbi na matope ya udongo ule, kama mtu anavyojipaka liwa.

Sasa tiketi, na hapa sikiliza vizuri maana ndipo wengi hukwama. Tiketi ni ya treni moja ya siku moja. Huwezi kushuka Voi ukapumzika kisha ukaendelea kwa tiketi ile ile. Kata mbili mbalimbali: Mombasa hadi Voi, na Voi hadi Nairobi. Anza na ya pili. Desemba watu wote wa bara na pwani wako njiani, na ukishikilia ya kwanza bila ya pili utajikuta umekwama Voi ukitafuta matatu ya Nairobi, na mzigo, na mtoto mgongoni. Unakata kwa *639# au mtandaoni, unalipa kwa M-Pesa, na utaulizwa namba ya kitambulisho. Usingoje shule zifungwe. Siku nafasi zinapofunguliwa, siku hiyo hiyo kata.

Nauli ya daraja la kawaida tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 kutoka Mombasa mpaka Nairobi, na daraja la kwanza 4,500. Mtoto wa chini ya miaka 3 hapandi kwa pesa, ila hana kiti. Kuanzia 3 hadi 11 hulipa nusu na ana kiti chake. Ukipiga hesabu ya safari nzima, nyinyi wawili ni 3,000, wale wakubwa wawili ni 1,500, jumla 4,500. Yaani familia yako yote kwa bei ya mtu mzima mmoja wa daraja la kwanza. (Mkikata vipande viwili hesabu itabadilika kidogo, lakini hapo ndipo ilipo.) Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa, hasa cha huyu wa miaka saba ikiwa ni mrefu kama watoto wa siku hizi.

Je, daraja la kwanza lafaa kwa sababu ya mtoto mchanga? Kwangu mimi, hapana. Daraja la kawaida viti vyatazamana, vitatu kwa vitatu upande mmoja na viwili kwa viwili upande wa pili, na kimeza kidogo katikati. Magoti yanagongana, ni kweli, na ukiwa na wageni ni taabu. Lakini nyinyi mtakuwa na viti vinne, mchanga akiwa mapajani, na mkipata vile viwili kwa viwili, magoti mnayogonga ni ya wanenu. Kimeza kile ndicho kitakuwa chumba chenu: chakula, kuchora, kulalia kichwa. Isitoshe, huko nyuma kila behewa lina watoto, na mtoto wako akilia hakuna anayegeuka kukutazama kama umevunja sahani.

Mkate viti vya upande gani? Ukielekea Nairobi, kushoto kuna vilima vya Taita, Tsavo Magharibi na huko mbele Kilimanjaro. Kulia kuna Tsavo Mashariki. Kwa treni ya asubuhi jua laanzia upande wa kulia, kwa hivyo kushoto pana kivuli na pana mengi. Usigombane na mtu kwa hilo lakini. Tembo hawakai upande mmoja.

Asubuhi ya kuondoka, muwe Miritini, iliko stesheni ya Mombasa, saa moja, si saa moja na nusu. Kutoka Kisauni una daraja la Nyali, una Makupa, una Changamwe, na malori ya bandarini hayajui kwamba una mtoto mchanga. Zungumza na mtu wa teksi siku iliyotangulia. Tuktuk kwa watu watano na mizigo usijaribu.

Pale stesheni kuna ukaguzi, na watoto watayarishwe. Mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, watu husimama kando, na mbwa wa askari hupita wakinusa. Mtoto wa miaka minne ambaye mbwa kwake ni kitu cha kukimbia atapiga kelele mpaka Jomvu. Mwambie nyumbani, mchezesheni mchezo huo: begi hapa, mbwa yule, sisi kule. Na kwa kuwa wengi wetu hatupendi pua ya mbwa iguse chakula, chakula kiwe ndani ya hotipoti na ndoo yenye kifuniko cha kubana, nalo begi la chakula liwe la kufunga zipu. Baada ya mbwa kuna mashine, na kisu hakipiti, hata kile kidogo cha matunda. Desemba ni msimu wa embe. Zimenye na kuzikata nyumbani.

Chakula. Ndani kuna behewa la mkahawa, lakini la kutegemea mtoto ni ulichopika. Nitakwambia kinachosafiri vizuri: mahamri, katlesi zilizokaushwa vizuri mafuta, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu ngumu kidogo, mkate wa mayai, uji wa mchanga kwenye chupa ya chai. Kisichosafiri: viazi karai (baridi havina maana), kaimati (shira hushika kila kitu mpaka kioo), samaki, uwaonee huruma wenzako, na mabuyu. Mabuyu mpe mkubwa baada ya kushuka. Rangi ile kwenye viti vya watu, na mikono ya mtoto iliyolowa jasho, utafuta Mombasa mpaka Kibwezi. Juisi za sukari nazo punguza. Mjukuu wangu alinywa pakiti tatu kabla ya Miasenyi na nguo zangu zilijua. Maji tu yatosha, kidogo kidogo, na kila kituo mkubwa apelekwe choo hata akisema hana haja. Mchanga umnyonyeshe ukitaka, leso ipo. Tena treni ikiondoka kituoni ndio wakati mzuri, mtikisiko ule wa kwanza humlaza. Pampasi beba mara mbili ya hesabu yako, na leso ya tatu ya kutandika unapombadilisha, maana vyoo vile ni vyembamba.

Vitu vya kuchezea visiwe vingi. Simu iwekwe akiba ya saa ya mwisho kabla ya Nairobi. Ukiitoa Mazeras huna silaha tena. Mimi nina mchezo mmoja tu unaonipeleka mbali: vitendawili vya dirishani. Kila mmoja atege kitu alichokiona nje, wengine wategue. "Kitendawili!" "Tega!" "Mzee ana tumbo kubwa, nywele zake ni chache, na ameota ardhini." Mbuyu. Na hapo waambie kwamba mabuyu yale ya dukani yatoka ndani ya tunda la mti ule. Mjukuu wangu alikuwa akiamini yanatengenezwa kiwandani.

Mkubwa wako wa miaka saba mtafutie visa. Baada ya Mariakani minazi inakwisha na nyika ya Taru inaanza, ile ambayo misafara ya zamani iliivuka ikihesabu maji kwa kikombe. Kisha mtafika sehemu za Mackinnon Road, alipozikwa walii Sayyid Baghali kando ya reli ya zamani. Wazee wetu husimulia kwamba alipokuwa akifanya kazi ya reli, karai lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Mtoto wako atauliza kama ni kweli; mjibu utakavyo.

Kisa kikubwa kiwekwe cha siku ya tatu, mkishatoka Voi. Treni itapita juu ya daraja refu la mto Tsavo, lililoinuliwa ili wanyama wapite chini. Mwaka 1898, reli ya kwanza ilipofika mto huo huo, simba wawili wasiokuwa na manyoya shingoni waliwala wafanyakazi usiku baada ya usiku mpaka ujenzi ukasimama. Mwishowe waliuawa na mhandisi aliyesimamia kazi ya daraja, Patterson, na leo ngozi zao zimejazwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho Chicago, Marekani. Mtoto wa miaka saba akisikia kwamba yuko juu ya mto wenyewe, dirisha lile halitaki simu tena. Wa miaka minne mwambie walilala tu.

Kilimanjaro usiwaahidi. Asubuhi safi sana huonekana kushoto, mkikaribia Emali, lakini nyinyi mtapita hapo karibu na adhuhuri na mara nyingi wingu limeshajifunika juu yake. Ukiutaja halafu usionekane, utaulizwa mlima uko wapi mpaka Syokimau. Ukitokea, ni zawadi.

Jambo la kushuka Voi. Kituo cha katikati si kama mwisho wa reli; treni husimama dakika chache tu na haingoji. Dakika kumi kabla, mizigo iwe mlangoni, baba watoto na begi kubwa mbele, wewe na mchanga kifuani, watoto wawili kati yenu. Na viatu viwe miguuni. Nasisitiza viatu kwa sababu mimi mwenyewe nilishuka Voi kwa pupa na mjukuu mwenye kiatu kimoja. Cha pili kilifika Nairobi kabla yetu, na siku mbili zile Voi alivaa ndara za soko, tena akazipenda kuliko viatu. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Mbeleko yafanya kazi yote hiyo na haihitaji mahali pa kuwekwa.

Nairobi mtafika saa nane mchana au baada yake kidogo.  Kutoka kituo cha Syokimau kuna treni ndogo ya kuunganisha mpaka stesheni ya zamani katikati ya mji, na watoto huifurahia kama kitindamlo, lakini ikiwa dadako anaishi upande wa Mombasa Road au Embakasi hakuna maana ya kwenda mjini na kurudi. Hata hivyo siku moja katika wiki zenu mbili wapelekeni jumba la makumbusho ya reli, jirani na stesheni hiyo ya zamani. Huko kuna vichwa vya treni vya mvuke vya kweli, na kuna behewa ambalo simba aliingia mwaka 1900 pale Kima akamtoa humo afisa wa polisi, Ryall, aliyekuwa amekuja kumvizia simba huyo huyo. Akawa ndiye aliyeviziwa. Mkubwa wako, akishakuwa na kisa cha Tsavo kichwani, ataligusa behewa lile kama mtu aliyefika kwao.

Mkumbuke kwamba mmetoka usawa wa bahari na mmepanda zaidi ya mita 1,600. Desemba si baridi kali, lakini jioni ya Nairobi mtoto wa Kisauni huiona kama barafu. Sweta ziwe juu ya begi, si chini.

Kurudi, msishuke Voi tena. Watakuwa wamechoka na watu, wanataka kitanda chao. Pandeni ile ile ya saa mbili asubuhi kutoka Nairobi, safari hii upande wa kulia kama mwautaka mlima. Mnaupita mapema zaidi na huenda ukawa bado wazi. Baada ya Mariakani waanze kuvuliwa sweta na soksi. Mlango wa Miritini ukifunguka, joto letu huingia ndani kabla abiria hawajashuka, na mtoto aliyelala na sweta huamka akilia.